Nguvu isiyovunja mkono: maisha ya mwalimu Nobuyoshi Tamura



Leo tuzungumze juu ya Mjapani mmoja aliyefundisha aikido ugenini. Aikido ni sanaa ya kujilinda iliyoanzishwa na mzee Morihei Ueshiba (1883–1969). Ndani yake mtu hapambanishi nguvu na nguvu. Akishambuliwa, anaingia pembeni, anazunguka na kumlaza mwenzake chini bila kumvunja. Katika mafundisho ya Ueshiba hakuna mashindano. Watu wawili wanapokezana zamu: huyu anashambulia, kisha yule. Na mwanafunzi mpya anafundishwa mapema namna ya kuanguka bila kuumia.

Nobuyoshi Tamura alizaliwa Osaka mwaka 1933. Alikuwa na miaka 12 wakati Japani iliposhindwa vita mwaka 1945, miji mingi ikiwa imeteketea. Mwaka 1953 alianza kujifunza kwa Ueshiba huko Tokyo, akawa mwanafunzi anayeishi palepale chuoni.

Mwaka 1964 alifika Marseille, Ufaransa, pamoja na mke wake. Kifaransa hakikuwa lugha yake, lakini mwili wake ulionyesha kile ambacho mdomo haukuweza kusema. Hakujiona wa kwanza: Minoru Mochizuki alikuwa ameonyesha aikido Ufaransa tangu 1951, na Tadashi Abe akafuata. Tamura alijenga juu ya kazi yao. Alizunguka miji ya Ulaya, akatayarisha walimu wenyeji, na kusini mwa Ufaransa, katika kijiji cha Bras, akawa na chuo kiitwacho Shumeikan. Alifariki mwaka 2010, akiwa na miaka 77. Kazi haikufa naye, kwa sababu wanafunzi wake walikuwa wamekwisha kuwa walimu.

Ndugu zangu, msifikiri kwamba watu wa aikido hawakugombana. Aikido ya Ufaransa ilikuwa ndani ya shirikisho la judo. Mwaka 1982 Tamura na wenzake walitoka, wakaunda shirikisho lao. Wengine hawakuwafuata, na mwaka uliofuata likazaliwa shirikisho la pili. Nyumba ikawa mbili. Lakini mashirikisho hayo mawili yalikubali kukaa pamoja katika kutoa vyeo vya wanafunzi, ili cheo cha mtu kitambulikane pande zote. Hawakurudi kuwa kitu kimoja. Walichunga kile ambacho wote walikihitaji.

Sisemi kwamba mwenye bunduki anazuiwa kwa kuzungushwa mkono. Ninyi mliokimbia mlifanya vizuri kukimbia, maana mliokoa watoto. Ninasema juu ya magomvi yanayotungojea baada ya kukimbia: zamu ya maji, orodha ya msaada, shamba la mwenyeji, mbuzi aliyekula mihogo. Hapo hakuna adui, kuna jirani. Kiongozi anayemshinda jirani kwa kumwaibisha mbele ya watu hajamaliza ugomvi. Ameupanda kama mbegu. Anayemwachia nafasi ya kusimama tena amelinda pande zote mbili.

Kabla ya kutawanyika, tukae katika vikundi, wenyeji na wakimbizi pamoja, tujibu maswali haya:

1. Ni kitu gani wote tunakihitaji, hata kama hatupatani: kisima, shule, njia ya kwenda sokoni?
2. Nani anakichunga leo, na je, pande zote zina mtu wao pale?
3. Mkubwa wa kamati akiondoka kesho, ni kijana gani au mama gani amekwisha kufundishwa kazi yake?

Majibu yaandikwe, na kila kikundi kichague watu wawili wa kuyasoma, mmoja mwenyeji na mmoja mkimbizi.