JEMBE BILA YA HATI: WANAWAKE WA DODOMA NA SISI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, wake kwa waume. Tunaichapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Nimetakiwa niseme juu ya haki za wanawake na riziki zao. Wabunge tunaowachagua hapa visiwani huenda kukaa Dodoma, lakini sisi tuliowatuma aghlabu hatuijui Dodoma ila kwa jengo la Bunge. Leo natutazame mashamba yaliyolizunguka jengo hilo, na mikono inayoyalima.

Nchi ya Ugogo ni kavu. Mvua yake ni ya msimu mmoja, na mara nyingi ni haba. Mtama, uwele, karanga na njugu mawe ndiyo mazao yanayostahimili, na sehemu kubwa ya kupanda, kupalilia na kuvuna ni kazi ya wanawake. Utajiri, kwa desturi, huhesabiwa kwa ng'ombe, na ng'ombe ni wa wanaume. Basi mmoja hufanya kazi, na mwengine ndiye aitwaye tajiri.

Mwaka 1947 Serikali ya Kiingereza ilianzisha mashamba makubwa ya karanga huko Kongwa, katika nchi hiyo hiyo. Matrekta yakaletwa kwa meli, mahesabu yakapigwa London. Ardhi ngumu na ukame vikawashinda, na mwaka 1951 mpango ukavunjwa, kiasi cha pauni milioni 36 zikiwa zimepotea. Mke wa Kigogo na jembe lake alibaki pale pale, akipanda karanga zake. Fedha zilipita juu ya kichwa chake.

Jee, leo hazipiti? Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973. Serikali ikatangaza kuhamia kweli mwaka 2016, na mwaka 2018 ukafanywa jiji. Mashamba yaligeuka viwanja, na kiwanja kina bei. Lakini bei humfuata mwenye jina katika karatasi. Jina hilo ni la nani?

Hatusemi kwamba sheria hakuna. Tangu mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua kwamba kazi ya mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya ardhi, inabatilisha mila inayomnyima, na inataka watu watatu katika saba wa baraza la ardhi la kijiji wawe wanawake. Lakini mkono wa pili wa Serikali hiyo hiyo ulishikilia Tangazo la Sheria za Mila la 1963, linalomweka binti nyuma ya ndugu zake wa kiume na kumwacha mjane mikono mitupu. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa iliitaka Serikali iondoe dhuluma hiyo.

Asiye na hati hana rehani, na asiye na rehani benki haimsikilizi. Likabaki fungu la halmashauri, mkopo usio na riba, ambalo kwa sheria ya 2018 asilimia 4 ya mapato ni ya vikundi vya wanawake. Mwaka 2023 likasimamishwa kwa sababu ya ubadhirifu, lisirudi mpaka 2024. Aliyelipa deni lake akaadhibiwa sawa na aliyezila fedha.

Wala tusiwacheke wenzetu. Mwani ulipoanza kulimwa kwa biashara Paje na Jambiani mwaka 1989, walioushika ni wanawake. Nao hulima pwani wasiyo na hati yake, na bei husemwa na mnunuzi. Sisi Waislamu tumepewa mafungu ya mirathi yaliyo wazi. Lakini ni dada wangapi wanaoona haya kudai fungu lao la shamba la mikarafuu kwa kaka zao?

Basi tudai mambo matatu: jina la mke liwe katika hati, sheria ya mirathi inayomdhulumu ifutwe, na hesabu za mikopo zisomwe hadharani. Hii si hisani tunayoiomba. Ni ujira wa kazi iliyokwisha kufanywa.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe.