Ngeli katika Dirisha la Kompyuta



Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilitupa istilahi. Swali la sarufi lingalipo.

Tuchukue ujumbe mmoja. Mtunzi wa maktaba ya vitufe na madirisha huandaa kiunzi, "… imefutwa", akiacha pengo la jina. "Faili imefutwa" ni sawa. Lakini "waraka imefutwa" na "kabrasha imefutwa" ni makosa ambayo mtoto wa darasa la kwanza huko Magomeni, Kilosa, angeyasahihisha papo hapo. Gettext, chombo cha tafsiri kinachotumiwa na maktaba ya GTK, hutenganisha umoja na wingi kwa idadi; ngeli haijulikani kwa kuhesabu.

Mfasiri hawezi kuitibu kasoro hii, kwani imo katika msimbo wa programu, wala si katika maneno yake. Tiba ni kumpa sentensi nzima kwa kila nomino: waraka umefutwa, kabrasha limefutwa. Basi mwanaisimu asingoje kuletewa orodha ya maneno mwishoni; aketi na mtunzi wa programu tangu kiunzi kinapochongwa.