Shamba la Anathothi

(Mada iliyotolewa katika sherehe ya kutimiza miaka 100 ya Usharika)



Katika mwaka wa nne wa kutawala kwake Sedekia, manabii wawili walikutana nyumbani mwa Bwana huko Yerusalemu, mbele ya makuhani na watu wote. Hanania mwana wa Azuri, mtu wa Gibeoni, alitangaza kwamba kabla ya kupita miaka miwili vyombo vya hekalu vilivyochukuliwa Babeli vingerudishwa, pamoja na mfalme Yekonia na mateka wote. Yeremia alisimama pale akiwa na nira ya mti shingoni, ishara kwamba utumwa bado ulikuwapo. Aliposikia habari hiyo aliitikia Amina, kwa maana naye alitamani iwe hivyo. Ndipo Hanania akaitwaa ile nira na kuivunja. Yeremia hakubishana naye bali alikwenda zake, akangoja mpaka alipopewa neno. Jambo hili dogo wasomaji wengi hulipita haraka, nalo lingefaa kukaririwa katika vikao vingi vya kanisa.

Hanania hakuja kwa jina la Baali. Alilitaja jina la Bwana, alisimama mahali patakatifu, na alisema jambo ambalo kila mzazi mwenye mwana huko Babeli aliomba usiku na mchana. Hata nyoka katika bustani ya Edeni alianza mazungumzo yake kwa kuuliza juu ya neno la Mungu. Ahadi ya Mwovu ni vigumu kuitambua kwa sauti yake, kwa kuwa mara nyingi inafanana sana na sala za watu wema.

Tofauti ilionekana katika barua ambayo Yeremia aliwaandikia mateka. Aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuoza, tena wautakie heri mji uliowafunga, kwa kuwa miaka ya Babeli ingekuwa 70. Mtu mwenye umri wa miaka 40 aliyesikia barua hiyo ikisomwa alielewa mara moja kwamba yeye hatarudi. Ahadi ya Hanania haikumdai mtu chochote ila kushangilia. Ahadi ya Mungu ilimpa mtu jembe, na kazi ambayo mavuno yake yangeliwa na wajukuu.

Kanisa hili lina sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hilo. Sehemu kubwa ya Walutheri wa Tanzania walipokea Injili kwa mikono ya wamisionari wa vyama vya Leipzig, Berlin na Betheli. Huko huko Ujerumani, mwaka 1933, mtawala mpya aliahidi kuinua taifa, na wafuasi wake wakasema habari za dola la miaka elfu. Wachungaji wengi walimpokea kwa furaha. Bendera yake iliingizwa makanisani, na waliojiita Wakristo wa Kijerumani wakamhubiri kana kwamba ametumwa na Mungu. Mwishoni mwa Mei 1934 wengine walikutana mjini Barmen, wakakiri kwamba Kanisa lina Neno moja tu la kusikiliza na kulitumaini, yaani Yesu Kristo. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mlutheri, alinyongwa tarehe 9 Aprili 1945. Dola la miaka elfu lilidumu miaka 12.

Ahadi ile ya uongo ilifika mpaka Tanganyika. Vita vilipoanza mwaka 1939, wamisionari wa Kijerumani waliwekwa kizuizini. Hii ilikuwa mara ya pili kwa sharika kubaki bila wao, kwa maana walikuwa wameondolewa pia baada ya Vita vya Kwanza. Walutheri wa Marekani wa Sinodi ya Augustana walikuja kusaidia usimamizi, lakini hawakuwa wengi wa kutosha kwa eneo kubwa namna ile. Mafundisho ya kipaimara, mazishi, ziara za mitaani kwa miguu na utunzaji wa vitabu vya ubatizo vilifanywa kwa sehemu kubwa na wachungaji, wainjilisti na walimu wenyeji, ambao majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yaliyotokana na kazi hiyo yaliungana kuwa Kanisa moja, KKKT.

Hanania amerudi pia katika siku za karibu zaidi. Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha DECI, mpango ambamo aliyetoa fedha aliambiwa kwamba amepanda mbegu, na aliyelipwa kwamba amevuna. Lugha ilikuwa ya kanisani kabisa. Lakini hapakuwa na shamba. Mavuno ya waliotangulia yalikuwa fedha za wapandaji waliofuata. Waliopoteza walisemwa sana kwa tamaa yao, na pengine walisemwa kuliko walivyofarijiwa. Mama aliyepeleka huko ada ya mtoto wake hakutofautiana na watu wa Yerusalemu waliotaka kuwaona ndugu zao ndani ya miaka miwili. Mhitaji akisikia ahadi ya haraka anahitaji mtu wa kukaa naye, naye akimkosa katika usharika wake atampata kwingine.

Hanania alikufa mwaka ule ule, mwezi wa saba. Miaka sita baadaye jeshi la Babeli lilikuwa limeuzunguka mji, na Yeremia amefungwa katika uwanja wa walinzi. Hanameli, mwana wa ami yake, akamjia na kumwomba anunue shamba lake lililoko Anathothi. Hakuna mfanyabiashara ambaye angelitolea hata senti moja. Yeremia alipima shekeli 17 za fedha katika mizani, karibu gramu 200, akaandika hati mbili mbele ya mashahidi, moja ya kutiwa muhuri na moja ya wazi, akamwagiza Baruku aziweke katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Baada ya hayo ndipo alipoomba, na sala yake ni ya mtu aliyeshangazwa na jambo ambalo amekwisha kulifanya.

Mji ukaanguka. Yeremia akachukuliwa mpaka Misri na watu waliokataa shauri lake. Maandiko hayasemi kama alipata kulima shamba lile hata siku moja. Hati zilikuwa ndani ya chombo cha udongo.