Usinunue kaye ingine: maneno juu ya kuchunga bajeti yako

Maneno ya mwenzetu mumoja mbele ya vijana wa Goma

Wandugu, sikuje hapa kama mwalimu. Mimi ni mutu wa kutengeneza simu pale Birere, wengi munajua kameza kangu. Kila mwaka tunaulizaka serikali: bajeti ya inchi imeenda wapi? Ni haki yetu. Siku moja mama yangu akaniuliza swali ile ile juu ya feza yangu mimi, na nikakosa jibu.

Bajeti yangu ya kwanza ilikuwa ya mwezi muzima: nyumba, chakula, makala, maji, unite. Ilipendeza kwa macho. Ikakufa siku ya kumi na mbili, maana mimi sina mushahara. Kuna siku napata franga elfu ishirini, kuna siku narudi mikono mitupu. Sasa nahesabu kwa juma, na kipimo changu ni juma yenye ilikuwa mubaya, hapana ile ya muzuri. Chenye kinazidi, kinangojea juma itafuata.

Halafu kuna dola. Tunakamata franga, mwenye nyumba anaomba dola. Mwaka 2017 nilichanga franga za garanti ya nyumba miezi kenda, chini ya godoro. Mwanzo wa 2016 dola moja ilikuwa karibu franga 930, mwisho wa 2017 ilikaribia 1 600. Sikuibiwa, sikukula hata kidogo, na bado nikapungukiwa. Mwaka 2024 dola ikapita 2 700, munakumbuka. Basi feza ya kulipa kwa dola, naigeuza dola mapema. Feza ya unga inabaki franga. Simaanishe kubahatisha na kambisti, dola inaweza kushuka pia. Ni kusudi kila deni likae katika feza yake.

Lakini mutu wa franga kidogo anunue dola namna gani? Noti ya dola moja wengi wanaikataa, na yenye imepasuka hata kidogo, hakuna mwenye anaikamata. Tuko wanne wenye meza jirani. Kila siku ya posho tunachanga, tunanunua noti ya dola 20 safi, na inaenda kwa mumoja wetu. Ni likelemba tu, ila ya dola.

Sasa jambo lenye lilinileta hapa. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikalipuka. Tarehe 27 wakatuambia tuhame, tukaenda mpaka Sake. Feza ya shule ya mudogo wangu ikaisha kwa chakula. Tuliporudi nikaona haya kufungua kaye. Nikasema: nitanunua ingine, nianze vizuri. Miezi ine sikuandika kitu, na ndiyo miezi nilikopa sana. Shule ilipoanza, mudogo wangu akarudishwa nyumbani. Alikuwa sekondari, na masomo ya bure yenye ilianza 2019 ni ya shule ya musingi tu. Alikaa majuma matatu akifua nguo za watu.

Nilisingizia volkano. Baadaye nikahesabu: volkano ilikula feza ya majuma mawili. Zingine nilikula mimi mwenyewe, gizani.

Sasa nikianguka, naendelea kwa ukurasa ule ule. Naandika «majuma mawili, sijui», na chini yake naandika ya leo. Ukurasa unakuwa mubaya kuangalia, lakini mudogo wangu anausoma pia, sitamuficha tena.

Nisahau nini? Matanga. Nilikuwa naandika matanga kama ajali. Nikaangalia mwaka muzima: hakuna mwezi ulipita bila matanga, ndoa ao mutoto wa ndugu mugonjwa. Kitu chenye kinakuja kila mwezi si ajali. Sasa kiko na mustari wake katika kaye. Ukiisha, naambia shangazi: «Mwezi huu nakuja na mikono, feza hapana.» Wananuna kidogo. Mimi nachota maji, napasua kuni, nalala pale pamoja nao.

Mwenye kaye yake imekufa, niko pale Birere kila siku ya posho saa kumi, mbele ya kufunga. Alete ile ya zamani.