Uhaba wa Wahandisi: Tupige Hesabu Kabla ya Kuuza Shamba

(Hotuba kwa wanachama, mkutano mkuu wa mwaka, Dar es Salaam)



Kila mwaka Mfuko wetu wa Elimu hupokea barua za wazazi wanaoomba msaada wa ada. Nyingi zina sentensi ileile: "Mtoto anataka uhandisi, kwa kuwa nchi ina uhaba wa wahandisi." Kamati imeniomba nilitazame jambo hili kwa jicho la mhasibu. Nitasema wazi, maana kuna mzazi atakayeuza shamba la tangawizi kwa kuiamini sentensi hiyo.

Bidhaa ikiadimika, bei hupanda. Tangawizi ikipungua, mnunuzi huja mwenyewe mpaka mlimani. Kama wahandisi wangekuwa adimu kwa maana hiyo, waajiri wangewafuata vijana vyuoni na mishahara ya kuanzia ingepanda. Mimi huandaa mishahara ya kampuni za ujenzi, na sioni hivyo. Naona nafasi moja ikitangazwa na maombi yakijaa meza. Naona mwenye shahada akifanya kazi kwa posho ya nauli.

Je, wanaosema kuna uhaba wanatudanganya? Hapana. Neno ni moja, maana ni tatu.

Ya kwanza ni hitaji. Vijiji vyetu vinahitaji maji, barabara na madaraja, na kazi hizo zinahitaji wahandisi. Lakini hitaji halilipi mshahara. Kinacholipa ni bajeti. Halmashauri inaweza kuwa na pengo la watu na bado isiajiri, kwa sababu hakuna kibali wala fungu.

Ya pili ni uzoefu. Tangazo linasema "uzoefu wa miaka mitano". Anayetoka chuoni husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu. Ili awe mhandisi mtaalamu ni lazima afanye kazi chini ya usimamizi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mpango wa mafunzo ya namna hiyo mwaka 2003, nao huchukua miaka 3. Wanaotafutwa ni wale waliokwisha kuvuka daraja hilo. Kila mwajiri anamtaka aliyeiva. Wachache wako tayari kumpika.

Ya tatu ni mafundi. Uwiano unaotajwa sana katika taaluma hii ni mhandisi 1, mafundi sanifu 5 na mafundi stadi 25. Sisi watoto wetu wote tunawasukuma kwenye ile moja, kisha pampu ya kijiji ikiharibika tunasubiri fundi kutoka mjini.

Tuangalie pia muda. Shahada ya uhandisi ni miaka 4. Miradi mikubwa kama reli ya kisasa, au Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, huajiri watu wengi wakati wa ujenzi. Ujenzi ukiisha, wengi hukabidhi kofia na kurudi nyumbani. Anayechagua kozi leo kwa kutazama mradi unaojengwa leo, huenda akahitimu mradi ukiwa umefunguliwa. Na mkopo wa Bodi ya Mikopo utamsubiri: akipata ajira, hukatwa asilimia 15 ya mshahara.

Ndugu zangu, sisemi watoto wetu wasisome uhandisi. Mwenye kipawa na moyo wa kazi hiyo aende, nasi tumsindikize. Ninachoomba ni kwamba fedha zetu ziende pale palipopungua. Napendekeza mambo matatu.

Kwanza, Mfuko usiishie kwenye ada. Kijana aliyehitimu asaidiwe nauli na malazi akiwa kwenye mafunzo ya kazini, maana hapo ndipo wengi wanapokwama.

Pili, kati ya kila shilingi tatu tutakazochanga, moja iende VETA na vyuo vya ufundi: ada, pamoja na sanduku la vifaa siku ya kumaliza. Fundi asiye na vifaa ni mtazamaji.

Tatu, wanachama wenye kampuni, karakana au nafasi za uamuzi maofisini: kila mmoja apokee kijana mmoja wa nyumbani ajifunze kazi. Mchango huo hauhitaji hundi.

Na kwa wazazi: kabla ya kuuza shamba, ulizeni waliohitimu kozi hiyo miaka miwili iliyopita wako wapi, wanalipwa nini, na nani aliwapokea. Majibu yao yana uzito kuliko hotuba yoyote, hata hii yangu.

Wazee wetu walichimba ndiva wakagawana maji kwa zamu, kwa sababu walijua maji ni kiasi gani na mashamba ni mangapi. Nasi tuhesabu hivyo. Fomu ya ahadi imo ndani ya kijitabu hiki. Jaza kiasi chako, na kama unaweza kumpokea kijana, andika hivyo pembeni.