Jina Lake Kaburini



Wakati mmoja tulimzika hapa mtu wa kwetu aliyefia Nairobi. Alipozaliwa alihesabiwa mvulana, lakini tangu utoto alijijua kuwa msichana, na huko mjini aliishi akiwa mwanamke. Watu wa namna hii siku hizi huitwa transijenda. Katika mazishi tulimtaja kwa jina la utotoni, ambalo hakulitumia kwa miaka mingi. Rafiki zake walikuja kwa matatu ya kukodi, wakasimama mbali katika jua la Masinga mnalolijua. Hakuna aliyewapelekea hata kikombe cha maji.

Nasi ndio tunaojisifia mwethya! Twachimba matuta katika shamba la mjane, wala hatumhoji kwanza. Baadaye tulisikia kwamba hao tuliowaacha juani ndio waliomlipia kodi alipofukuzwa kazi, wakakesha kwa zamu alipougua, wakachanga fedha za jeneza. Mwethya wao ulikuwa kamili kuliko wetu.

Someni Isaya 56. Towashi, ambaye Torati ilimzuia kuingia katika kusanyiko, anaahidiwa na Mungu kumbukumbu ndani ya nyumba yake, na jina lipitalo la kuwa na wana na binti. Hatusemi kwamba towashi wa kale na dada yetu huyu ni hali moja. Lakini kufungiwa mlango ni kule kule.

Jina si jambo dogo. Rita Hester aliuawa Boston, Marekani, tarehe 28 Novemba 1998, na magazeti mengine yakamwandika kama mwanamume. Watu walikusanyika na mishumaa. Mama yake akapiga magoti mlangoni pa nyumba ya bintiye, wakasali Sala ya Bwana. Kutokana na msiba huo ikaanza, mwaka 1999, siku ya kuwakumbuka watu wa transijenda waliouawa, nayo huadhimishwa kila tarehe 20 Novemba. Hapa Kenya, Audrey Mbugua alikwenda mahakamani kwa sababu cheti chake cha shule kilikuwa na jina lisilo lake tena. Tarehe 7 Oktoba 2014 Mahakama Kuu iliamuru kibadilishwe. Mtu asiye na cheti chenye jina lake ataombaje kazi?

Sisi tulichelewa. Mama wa marehemu ametuomba msalaba mpya, wenye jina ambalo bintiye alijichagulia. Wazee wengine walinung'unika. Mmoja wao, seremala, ndiye aliyetoa mbao. Tutausimamisha tarehe 20 Novemba, saa nne asubuhi. Rafiki zake wa Nairobi tumewaalika. Akina mama watateka maji mapema, na viti vitawekwa kivulini, karibu na jamaa.