Wilaya Zikigawanyika, Programu Ifanyeje?



Nimeombwa niseme machache juu ya kutunga programu za kompyuta. Mtindo wa kupanga programu kwa vitu, kila kitu na habari zake na kazi zake, ulianzia Norwei katika lugha ya Simula ya mwaka 1967. Ugumu wake nitauonyesha kwa Dar es Salaam yetu.

Mtungaji wa programu ya leseni za biashara aweza kuifanya "Manispaa" aina moja na "Jiji" aina nyingine. Ni rahisi kuandika. Lakini katika lugha nyingi kitu kikishazaliwa katika aina yake hakihami. Mwaka 2021 Manispaa ya Ilala ilifanywa Jiji. Hapo programu ya namna hiyo hukwama. Afadhali hadhi iwe habari inayobadilika ndani ya "Halmashauri".

Tena, kufikia mwaka 2016 Ubungo ilikuwa imemegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke. Leseni iliyotolewa Temeke mwaka 2014 kwa duka lililoko Kigamboni ihesabiwe ya wapi? Tukitunza tarehe za mipaka, jibu hupatikana, ila programu huwa nzito na kazi huongezeka. Tusipozitunza, mwenye duka ndiye atakayezungushwa madirishani.

Vijana, msiulize tu mpango upi ni mzuri. Ulizeni kipi kitabadilika, na gharama yake ataibeba nani. Kinachobadilika kipeni nafasi. Kisichobadilika kiacheni chepesi.